Mtutu Usiopenda Risasi za Orval

Tundu lilikuwa na umbo la mbegu ya boga. Naibu sherifu Nadine Cutlip alikuwa amepanda juu ya bampa ya pikapu ya Ruel Pettry, nyuma ya ofisi ya sherifu, akaweka rula kwenye kioo cha mbele na kulipima kwa mara ya nne. Chini yake sherifu alisimama na kikombe cha kahawa, uso wake wa mtu aliyekwisha funga faili kichwani.

"Kioo kimelala," sherifu alisema. "Risasi ikipita kwenye kioo kilicholala, tundu lazima lirefuke."

"Lingerefuka juu na chini, bosi. Hili limerefuka kwenda pembeni."

"Basi upepo."

"Upepo gani? Jumamosi majani hayakutikisika bonde zima."

Sherifu alikunywa kahawa yake. Kesi ilikuwa nyepesi, na yeye alipenda kesi nyepesi. Jumamosi alasiri Ruel Pettry alikuwa ameketi ndani ya pikapu yake uani, anasikiliza mpira redioni. Risasi ikapasua kioo, ikaingia kwenye kiti cha abiria, na vigae vikamchana juu ya nyusi. Alishonwa nyuzi saba. Ruel aliapa kwamba alimwona jirani yake Orval Stamper kando ya uzio, na kofia yake nyekundu. Tena risasi iliyochimbuliwa kwenye kiti ilikuwa ya madini matupu, haikuvikwa shaba, ya aina tunayoiita huku kwetu risasi uchi, na bonde zima la Pigeon Lick mtu anayesubu risasi kwa mkono wake ni Orval peke yake. Ilibaki hata nta nyekundu ya kulainishia kwenye mfuo wake, ule mfereji mdogo unaoizunguka. Orval huchanganya nta ya nyuki wake na vipande vya mishumaa myekundu aliyoiacha marehemu mkewe. Kama angeandika jina lake juu ya risasi ile asingejulikana zaidi.

"Leo Jumatano," sherifu alisema. "Kesho saa tatu faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Mtu wa miaka sabini na saba, Nadine. Sifurahii. Lakini akikutwa na hatia atakwenda jela, na hata akitoka hatashika bunduki tena, wala kalibu zake za kusubia. Mletee wakili mzuri, hiyo ndiyo huruma iliyobaki."

Nadine aliteremka. Orval Stamper ndiye aliyemfundisha kulenga shabaha alipokuwa na miaka kumi na miwili, bila kumtoza hata soda. Hakulisema hilo kwa sherifu, na sherifu, aliyefundishwa na mzee huyohuyo, hakulitaja.

Kwenye stoo ya vielelezo alizitoa bastola mbili walizozichukua nyumbani kwa Orval. Zote za chuma, zote za kipimo cha arobaini na tano, sawa na risasi ile. Ya kwanza mpini ulikuwa umelainika kwa kushikwa miaka mingi. Ya pili ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta, haina hata alama ya baruti. Kwenye ubao wa mpini wake mtu alikuwa amechonga kwa kisu herufi mbili: E.P. Nadine aliziandika kwenye daftari, akatia alama ya kuuliza.

Alimkuta Orval barazani kwake, anakwangua fremu za mizinga ya nyuki.

"Umekuja kunifunga au kunywa kahawa?" mzee aliuliza.

"Kuuliza. Risasi ni yako?"

"Yangu. Naijua kama mtoto wangu."

"Uliipiga?"

"Hapana."

"Nani aliipiga?"

Orval alipuliza vumbi la nta kutoka kwenye kisu. "Nadine, mimi husubu risasi elfu mbili kwa mwaka. Kila Krismasi naweka mkebe barazani kwa kila jirani mwenye bastola ya kuzipiga. Hamsini kila mkebe, zimeshatiwa kwenye maganda, kazi yako ni kupakia tu. Wewe mwenyewe unapata."

"Jumamosi ulisikia milio?"

"Milio ya Jumamosi hapa ni kama milio ya mashine za kukata majani. Nilisikia."

"Kutoka wapi?"

"Masikio yangu yamezeeka."

"Yalikuwa mazima Jumapili niliponong'ona kanisani."

Mzee alicheka kidogo. Nadine alimuuliza kuhusu bastola ya pili, ile yenye herufi.

"Hiyo si ya kupigia. Naitunza tu."

"Unamtunzia nani?"

"Kahawa iko jikoni," Orval alisema, na akarudi kwenye fremu zake. Alikuwa anamkinga mtu, hilo lilikuwa wazi kama mchana. Tatizo ni kwamba mzee yule akiamua kumkinga mtu, huwezi kumtoa neno hata kwa koleo.

Duka la silaha la Opal Ferrebee liko njia panda, baina ya kanisa na kituo cha mafuta, na linanuka mafuta ya bunduki na supu ya maharage. Opal ni mama wa miaka sitini na tano, mwembamba, mwenye miwani mbili: moja machoni, nyingine nyweleni.

"Bi Opal," Nadine alisema, "nichagulie bastola ya kupigia risasi uchi."

"Wewe? Serikali imeishiwa shaba?"

"Nichagulie kama mteja. Nieleze kila kitu, kama vile sijui lolote."

"Hilo la kutojua halihitaji kuigiza." Opal alikuwa tayari anafungua kabati. Alizipanga juu ya kaunta rivolva tatu na bastola moja nyeusi yenye fremu ya plastiki, akazifungua zote kuhakikisha hazina kitu. Kisha akachota vichwa vya risasi kwenye chupa ya kachumbari.

"Watu huchagua bastola kama wachumba. Wanatazama sura. Wewe tazama matundu." Aliifungua silinda ya rivolva ya kwanza, akadondosha kichwa cha risasi kwenye tundu lake. Kikapita chote, kikagonga kaunta. "Imelegea. Madini laini yakipita hapa, moto unayazunguka na kuyalamba." Ya pili kichwa kilikataa kabisa. "Imebana. Hii itaikwangua risasi iwe nyembamba kabla haijafika kwenye mtutu." Ya tatu kilisimama, na Opal alipokisukuma kwa kidole gumba kilipita taratibu. "Umeona? Ikubali, lakini ijivunge kidogo. Hiyo ndiyo yako."

"Na hii ya plastiki?"

Opal aliung'oa mtutu wake, akaweka karatasi nyeupe nyuma. "Chungulia. Kisha chungulia wa ile nyingine."

Nadine alichungulia. Mtutu wa rivolva ulikuwa na mifereji iliyokatwa, yenye kingo kali zinazozunguka hadi mwisho. Ule mweusi haukuwa na kingo. Ndani ulikuwa na vilima vya duara, laini, kama umefinyangwa.

"Shaba inashikika humo vizuri sana," Opal alisema. "Mtengenezaji mwenyewe anakwambia kwenye kijitabu, usitie madini matupu. Watu hawasomi. Madini laini yanateleza, yanajipaka ukutani. Za kwanza ishirini, thelathini, unaona mambo safi. Halafu utando unakuwa mnene, mtutu hauishiki tena risasi, haizunguki. Inatoka inapinduka hewani. Kwenye karatasi ya shabaha unaona tundu refu, kama mtu amepita ubavu. Ukiliona hilo, acha kupiga, kwa sababu hujui tena inakwenda wapi. Na mtutu ukiziba zaidi, utakupasukia mkononi."

Nadine alitoa picha ya kioo, kisha mfuko wenye risasi. Opal alishusha miwani ya nyweleni juu ya ile ya machoni. Aliigeuzageuza risasi mwangani.

"Hii imetoka imelala," alisema hatimaye. "Na tazama ubavuni. Hakuna alama za mifereji, imeparuzika tu. Hii haikupita kwenye mtutu wa Orval. Orval anausugua mtutu wake kuliko meno yake, na mtutu wake umekatwa kingo. Nakwambia hivyo hata mbele ya hakimu."

"Utaniandikia?"

"Lete kalamu."

Opal akiandika, Nadine alimuuliza, "Orval anampa nani risasi za arobaini na tano?"

"Anamtengenezea kila mtu kwa kipimo cha bastola yake. Za arobaini na tano walikuwa wawili tu. Mchungaji, aliyehamia Florida mwaka juzi. Na..." Kalamu ilisimama. "Na Ruel."

"Ruel? Hawajaongea miaka kumi na moja."

"Mkebe huenda kila mwaka vilevile. Ruel huwa anatangaza mjini kwamba Orval anamcheka, na kwamba hajafungua hata mmoja."

"Herufi E.P. zinakwambia nini?"

Opal alivua miwani zote mbili. "Ebert Pettry. Baba yake Ruel. Kwa hiyo Orval bado anayo?" Akashusha pumzi. "Ugomvi wote ni hiyo bastola, Nadine. Mtutu wake ulikuwa umekwisha, na Orval alikaa majira ya baridi mazima akimtengenezea Ruel mtutu mpya, ukubali risasi uchi, ili wazipige pamoja uzeeni. Majira ya kuchipua Ruel akaenda kwenye maonyesho ya silaha, akaibadilisha na ya plastiki. Kama hii hii. Akarudi anajisifu. Orval alimwambia neno baya, naye akajibu baya zaidi. Juma lililofuata Orval aliifuata ile ya mzee Ebert mpaka Ohio, akatoa bunduki zake mbili za kuwindia ndipo akaipata."

"Mbona hakumrudishia?"

"Alikuwa anangoja aombwe."

"Na Ruel?"

"Alikuwa anangoja aitwe." Opal alisaini karatasi kwa nguvu hadi ikatoboka. "Wanaume wawili wazima. Ningekuwa mama yao ningewachapa kwa fimbo moja."

Nadine hakwenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa Pettry. Alisimamisha gari kando ya uzio unaotenganisha mashamba mawili, karibu na banda la kuku la Ruel, akatoa kwenye buti koti lake jekundu la mvua na kulitundika juu ya nguzo. Alikagua pia ukingo wa udongo nyuma ya banda. Kulikuwa na kopo lililotobolewa, na kipande cha ubao wenye karatasi ya shabaha. Matundu ya katikati yalikuwa ya duara. Ya pembeni yalikuwa marefu. Kwenye ukingo huo kulikuwa pia na jiwe lenye mchubuko mpya wa kijivu, mahali risasi ilipogonga na kudunda, na kutoka pale hadi uani palipokuwa na pikapu hapakuwa na kitu cha kuzuia. Akapiga picha zote.

Jikoni Marvella Pettry, mke wa Ruel, alimwekea maharage na mkate wa mahindi kabla hajasema amekuja kwa nini. Ruel alikuwa kwenye kiti chake dirishani, bandeji juu ya jicho.

"Mmeshamfunga?" aliuliza.

"Kesho. Nataka maneno yako yawe sawasawa kwanza. Ulimwona kupitia dirisha la gari, kwa umbali gani?"

"Kama toka hapa mpaka pale kwenye uzio."

"Hebu nionyeshe."

Ruel aligeuka dirishani. Uso wake ukabadilika. "Si yule pale! Marvella, amerudi! Na kofia yake ileile, amesimama kabisa ananitazama, hana hata haya!"

Marvella alikuwa ameshika kijiko cha maharage hewani.

"Ruel," Nadine alisema polepole, "lile ni koti langu la mvua."

Mzee aliendelea kutazama nje. Mikono yake ilitafuta ukingo wa meza, ikaushika.

"Macho yameanza kufifia lini?"

"Hayana kitu."

"Mtoto wa jicho," Marvella alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Yote mawili. Daktari alisema tangu mwaka jana."

"Marvella!"

"Nyamaza, Ruel. Nyamaza leo tu." Alikiweka kijiko chini. Kichwani alikuwa amejifunga kitambaa, na Nadine alikuwa amekiona tangu alipoingia: kilikuwa chekundu. "Uliza unachotaka kuuliza, mwanangu."

"Naomba nione mikebe ya Orval."

Ilikuwa stoo, rafu ya juu, mikebe kumi na moja ya kahawa, kila mmoja na utepe wake mwekundu. Kumi ilikuwa na vumbi. Wa kumi na moja haukuwa nalo, na utepe wake ulikuwa umefungwa upya. Nadine alihesabu ndani: risasi kumi na moja. Marvella bila kuambiwa akaenda kwenye droo ya vitambaa vya meza, akaleta bastola nyeusi ya plastiki ikiwa wazi, haina kitu. Nadine alichungulia mtutuni. Vilima laini havikuonekana. Ndani kulikuwa kumepakwa kijivu toka mwanzo hadi mwisho, kama bomba la jiko la kuni.

"Thelathini na tisa," Nadine alisema.

"Sikuhesabu. Za mwisho zilikuwa zinakwenda zinakotaka. Nikadhani ni mikono yangu." Marvella alikaa. "Mbweha amechukua kuku watano. Ruel alitoka akapiga, akarudi akasema amempata. Nilikwenda kutazama. Alikuwa amepiga ndoo."

"Ilikuwa na mkia," Ruel alinong'ona.

"Ilikuwa ndoo, mpenzi. Nikasema nitajifunza mwenyewe nyuma ya banda, taratibu, usijue. Nikichukua risasi zako za dukani ungeona zimepungua. Za Orval hakuna aliyezigusa, nikajua hutagundua."

"Na Jumamosi?"

"Nilisikia kioo. Nikakimbia. Nikamkuta na damu, anapiga kelele Orval, Orval, na simu mkononi. Nikisema ni mimi, mtamuuliza ni nani basi aliyemwona mwenye kofia. Mtajua haoni. Mtamnyang'anya leseni, na asipoendesha ile pikapu atakufa ameketi kwenye kiti hicho." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, na hakuyafuta. "Nimemwachia Orval mzigo wangu siku nne. Ningesema kabla ya kesho, Nadine. Naapa ningesema."

"Alijua," Nadine alisema. "Orval alisikia milio inatoka wapi. Nadhani aliamini ni Ruel amefungua mkebe na kuharibu gari lake mwenyewe, na hakutaka kumwaibisha. Alikuwa tayari kwenda jela akiwa kimya."

Ruel aliinuka, akagonga kiti, akasimama.

"Nipe kofia yangu," alimwambia mkewe. "Yoyote tu, siioni."

Maelezo ya Marvella yaliandikwa kurasa mbili, akasaini. Sherifu aliyasoma pamoja na barua ya Opal na picha za ukingo, akakuna kichwa, akaandika kwa mkono wake: ajali, hakuna shtaka. Kwa mara ya kwanza juma lile alionekana kama mtu aliyelala vizuri. Alipiga mhuri kwenye fomu ya kurudisha vielelezo, akasema tu, "Wahi kabla mzee hajala."

Orval alikuwa bado barazani. Aliliona gari, akamwona anayeteremka upande wa abiria akiushika mlango kwa mikono miwili, na kisu cha kukwangulia nta kikamdondoka.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kikapu ukavune. Nadine alikaa kwenye ngazi na kusubiri kikapu.

"Ruel," Orval alisema.

"Orval."

"Ulitia risasi zangu kwenye kile kidude cha plastiki?"

"Si mimi. Marvella."

"Alipiga ngapi kabla hazijaanza kulala?"

"Anasema kama thelathini hivi zilikwenda sawa."

"Basi anajua kupiga kuliko wewe."

"Alijua toka zamani." Ruel alimeza mate. "Nilidhani unanicheka na ile mikebe. Kila mwaka risasi ambazo bastola yangu haiziwezi."

"Nilikuwa naitengenezea bastola yako. Siyo ile. Hii."

Nadine alikuwa ameziweka zote mbili mezani. Orval aliichukua yake, akaisukuma ile nyingine mbele, na kitambaa chake. Ruel aliipapasa. Hakuinamisha hata kichwa kutazama. Kidole gumba ndicho kilichotembea juu ya ubao wa mpini, kikaikuta E, kikaikuta P, kikasimama hapo. Mabega yake yakaanza kutikisika. Orval alitazama mizinga yake kwa bidii, kama vile nyuki wameanza kufanya jambo jipya.

"Marvella mlete Jumamosi," alisema baadaye. "Na mikebe yote. Nta ya miaka hiyo itakuwa imekauka, tutazipaka upya. Na hayo macho yako yanatengenezwa hospitali ya Beckley kwa asubuhi moja, mjinga wewe, ungeniuliza."

"Hatukuwa tunaongea."

"Ndiyo nasema, mjinga."

Nadine alifungua fomu. Kwenye nafasi ya mwenye mali ya kielelezo cha pili palikuwa pameandikwa Orval Stamper. Orval aliichukua kalamu, akalikata jina lake kwa mstari mmoja, akaandika Ruel Pettry kwa herufi kubwa, akamkabidhi jirani yake.

Ruel aliishika kalamu juu ya karatasi, akaisogeza huku na huku. "Mstari uko wapi?"

Orval alimshika mkono, akauweka mahali pake.